Siku 65 za Ishibashi Tanzan

Nafundisha historia ya siasa za Asia Mashariki, na kila mwaka wanafunzi huniuliza ni waziri mkuu gani wa Japani ninayemheshimu kuliko wote. Hutegemea nimtaje Yoshida Shigeru au Tanaka Kakuei. Jibu langu ni Ishibashi Tanzan, aliyeshika madaraka siku 65 tu.

Alizaliwa Tokyo mwaka 1884, mtoto wa kasisi wa Kibudha wa madhehebu ya Nichiren. Alisoma falsafa Chuo Kikuu cha Waseda, kisha akawa mwandishi wa jarida la uchumi la Toyo Keizai Shinpo. Hapo ndipo alipojijengea jina. Mwaka 1921, wakati karibu kila mwanasiasa wa Japani akijivunia himaya yao, yeye aliandika kwamba nchi iachane na Korea, Taiwan na maslahi yake yote China. Hakutumia huruma peke yake. Aliweka hesabu mezani. Biashara ya Japani na Korea, Taiwan na Kwantung (eneo la China lililokuwa mikononi mwa Japani) kwa pamoja ilikuwa yen milioni 900 na ushei kwa mwaka. Ile ya Marekani peke yake ilipita bilioni 1.4. Sasa jeshi lote lile la kulinda makoloni lilikuwa linalinda nini? Hakusikilizwa. Vita ilipokuja, ilimchukua hata mwanawe wa pili, aliyeuawa Kwajalein, kisiwa cha Pasifiki, mwaka 1944.

Baada ya vita alikuwa waziri wa fedha, na mwaka 1947 Wamarekani waliokuwa wakiitawala Japani wakampiga marufuku kushika wadhifa wa umma. Marufuku hiyo iliyomwangukia mpinzani wa makoloni naiona ni dhuluma hadi leo. Ilidumu hadi 1951.

Desemba 1956 aligombea uenyekiti wa chama tawala. Raundi ya kwanza Kishi Nobusuke aliongoza kwa kura 223 dhidi ya 151 zake. Katika marudio Ishibashi akashinda, 258 kwa 251, na akawa waziri mkuu akiwa na miaka 72. Mwezi mmoja baadaye akaugua, na madaktari wakamwambia apumzike miezi miwili.

Wenzake wangeweza kumshikia kiti. Lakini mwaka 1930 waziri mkuu Hamaguchi Osachi alipigwa risasi, akang'ang'ania cheo miezi kadhaa huku hawezi kufika Bungeni ipasavyo, na mhariri mmoja akamkosoa vikali kwa kutojiuzulu. Mhariri huyo alikuwa Ishibashi. Februari 1957 akajiuzulu, akisema anafuata dhamiri yake ya kisiasa. Nafasi ikaenda kwa Kishi.

Afya ilirudi. Mwaka 1959 alisafiri hadi Beijing kuzungumza na waziri mkuu wa China, Zhou Enlai, wakati nchi hizo mbili hazikuwa na uhusiano wa kibalozi. Uhusiano huo ulirejeshwa Septemba 1972. Ishibashi alifariki Aprili iliyofuata.