Stoo ya wanga kidogo: maana yake na namna ya kuijaza Dodoma

Stoo ya wanga kidogo ni akiba ya vyakula vya nyumbani inayomwezesha mpishi kuandaa mlo wa kushibisha ndani ya nusu saa bila ugali, wali, chapati wala viazi. Kwa kawaida ulaji huitwa wa wanga kidogo ukibaki chini ya gramu 130 za wanga kwa siku. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban gramu 75 za wanga, kwa hiyo aliyekula mchana ugali wa unga gramu 150 amekaribia kumaliza mgawo wake, na chai ya sukari hatujaihesabu.

Wengi wanaoanza hapa Dodoma huacha sembe na kuhamia uwele au mtama, wakidhani wamepunguza wanga. Nafaka hizo zina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, lakini wanga wake hauachani sana na wa mahindi. Dona nayo ni hivyo hivyo. Zabibu na ubuyu, pamoja na sifa zote tunazovipa, si vitu vya kujazia stoo hii. Kunde, choroko na maharage vinakaa katikati: pima nusu kikombe cha yaliyopikwa kwa mtu, usijaze bakuli.

Kwa watu wanne kwa wiki mbili, anza na trei mbili za mayai, dagaa wakavu kilo moja na nusu, karanga kilo mbili, mafuta ya alizeti lita mbili, mbegu za maboga nusu kilo, kabichi nne, vitunguu, na mlenda mkavu uliosagwa kama kilo moja. Nyama na kuku nunua siku ya kupika, hasa kama friji yako inategemea umeme unaokatika.

Stoo nyingi hushindwa kwa sababu zina kitoweo tu, hazina cha kujaza sahani. Mtu anakula mayai mawili na dagaa saa moja jioni, saa tatu anatafuta mkate. Nafasi ya ugali lazima ishikwe na majani, angalau nusu ya sahani, na hapo ndipo hali ya hewa ya kwetu inapoleta kazi. Mvua ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Ukifika Septemba majani yameadimika na bei imepanda. Kwa hiyo majani ya kunde, mchicha na mlenda hukaushwa yakiwa mengi. Osha, chovya kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kwa dakika mbili, chuja, kisha tandaza juu ya wavu kivulini penye upepo. Jua kali hufifisha rangi na kupunguza vitamini A. Yakishikwa yakavunjika kama karatasi yameiva. Yakikunjika tu, yarudishe, la sivyo yataota ukungu ndani ya chombo. Tenga majani mabichi kilo nane hadi kumi kwa kila kilo moja makavu.

Karanga ndizo za kuchunguzwa zaidi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na fangasi, iliyokuwa kwenye mahindi, na fangasi hao hao hupenda karanga. Tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu. Kuzikaanga hakuiondoi sumu yote. Hifadhi zikiwa kavu kabisa, juu ya kichanja, si sakafuni. Zisage kidogo kidogo, kwa sababu zikishasagwa huchacha upesi. Mafuta ya alizeti nayo huchacha yakikaa kwenye dumu jeupe dirishani. Yaweke gizani, yafunikwe.

Dagaa waondoe vichwa na matumbo, waoshe kwa maji ya uvuguvugu mpaka mchanga uishe, waanike tena siku nzima, kisha wafungie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Wakihifadhiwa na unyevu hutoa harufu na wadudu.

Mlo wa haraka wa watu wanne unatoka hivi: kaanga vitunguu viwili na vikombe viwili vya dagaa, ongeza kabichi moja ndogo iliyokatwa, funika dakika nane. Koroga vijiko vinne vya karanga za kusaga kwenye kikombe cha maji baridi kwanza, ndipo umimine, upunguze moto na kukoroga dakika kumi. Ukitupia unga wa karanga mkavu moja kwa moja utafanya mabonge na kushika chini ya sufuria.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenclamide asipunguze wanga kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa kuwa dozi ile ile inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Mwenye ugonjwa wa figo naye aulize kwanza kiasi cha dagaa, nyama na karanga kinachomfaa.