Wahindi hawana Krismasi, na Wayahudi hawana

Kuanzia Oktoba hadi katikati ya Disemba kazi yetu hapa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, ni kalenda. Shule, vyama vya akiba na mikopo, makanisa, misikiti, maduka ya vipuri, kila mmoja anataka ya kwake: picha ya mwenyekiti juu, tarehe nyekundu chini. Na kila mwaka naulizwa kwenye kaunta hii hii, "Krismasi ya Wahindi ni lini mwaka huu?" Anayefuata: "Ya Wayahudi umeiweka?" Nimejibu mpaka vijana wa mashine wanaitikia pamoja nami: Wahindi hawana Krismasi. Wayahudi hawana. Waislamu nao hawana.

Najua kosa linakotoka. Waganda walichukua neno letu sikukuu, wakalitamka Ssekukkulu, na kwao likawa jina la Krismasi. Aliyekulia Kampala akisikia "sikukuu ya Wayahudi", moja kwa moja anaona mti, keki na zawadi. Na ukishaamini kwamba kila dini ina Krismasi yake, utaamini pia kwamba lazima iwe Disemba, lazima awe amezaliwa mtu, na lazima irudi tarehe ile ile kila mwaka. Hapo ndipo kalenda zinapoharibika.

Chukua Hanuka, sikukuu ya taa ya Wayahudi. Mwaka 2024 ilianza jioni ya tarehe 25 Disemba, basi mteja mmoja wa Mbale akasisitiza kwamba kalenda yake ya 2025 nayo iandikwe "Krismasi ya Wayahudi" tarehe hiyo hiyo. Sikuwepo dukani siku hiyo, kazi ikapita. Januari haijaisha akanijia mzee mmoja wa Abayudaya, wale Wayahudi wa vilima vya Mbale ambao jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Kalenda ameiviringisha mkononi. Hakugomba. Aliomba kalamu, nikamsogezea boksi zima. Akapanga nane kwa safu juu ya kaunta, ya tisa akaiegemeza kwenye mashine ya stepla ili iwe juu ya wenzake.

"Hii ndiyo inayowasha zile nyingine," akasema. Akagusa ya kwanza: usiku wa kwanza, taa moja. Usiku wa pili, mbili. Akaenda hivyo mpaka ya nane. "Hakuna aliyezaliwa hapa, mwanangu. Hekalu lilinajisiwa, likakombolewa, likawekwa wakfu upya. Basi."

Alikuwa anasimulia habari za karne ya 2 kabla ya Kristo, Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi, walipoinuka dhidi ya utawala wa mfalme Antioko na kulitwaa tena Hekalu la Yerusalemu. Na kwa Wayahudi wenyewe Hanuka si sikukuu kubwa. Haimo katika Torati, na watu huenda kazini kama kawaida. Kubwa ni Pasaka yao. Hanuka huanza tarehe 25 ya mwezi wa Kislevu, na nadhani hiyo 25 ndiyo inayowavuruga watu. Miezi ya Kiyahudi hufuata mwandamo, na kila miaka 19 huongezwa mwezi mzima mara 7 ili misimu isihame, kwa hiyo kwa kalenda yetu Hanuka hutembea kati ya mwisho wa Novemba na mwisho wa Disemba. Mwaka 2025 ilianza jioni ya tarehe 14 Disemba. Mwaka 2026 ni jioni ya tarehe 4.

Nasema jioni kwa makusudi. Sisi tunaosema "usiku wa kuamkia Ijumaa" hatuna sababu ya kukosea hili: kwa Wayahudi, kama kwa Waislamu, siku inaanza jua likizama. Ukiandika Hanuka kwenye tarehe moja tu, andika "kuanzia jioni".

Diwali ndiyo hiyo "Krismasi ya Wahindi", kwa sababu ya fataki. Huangukia usiku wa giza, mwezi ukiwa haujaandama, kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba. Disemba haifiki. Wengi huwasha taa wakikumbuka mungu wao Rama kurejea mji wake, Ayodhya, na huabudu Lakshmi, mungu wa kike wa ustawi. Wafanyabiashara wa Kigujarati huleta madaftari mapya ya hesabu yaombewe, maana mwaka wao mpya unafuata. Mimi huyauza hayo madaftari, naona yanavyobebwa kwa heshima. Ukitaka kuifananisha na kitu, ifananishe na kufunga hesabu za mwaka.

Kuhusu Idi, wapo wanaolalamika kwamba Waislamu "wanabadilisha tarehe". Hawabadilishi chochote. Mwaka wa mwezi una siku kama 354, kwa hiyo kwenye kalenda ya ukutani Idi huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka na kuzunguka misimu yote kwa miaka kama 33. Krismasi ya mwaka 2000 iliwakuta Waislamu wamefunga, Idi ikaja siku mbili baadaye. Hesabu zinaonyesha Krismasi ya 2031 itawakuta tena kwenye Ramadhani. Ushauri wangu ni ule ule: chora mwezi mdogo, andika "kutegemea mwandamo", usigombane na mtu.

Wahabeshi wa mtaa wa Kabalagala wakifunga maduka tarehe 7 Januari, watu husema wao wanaamini Yesu alizaliwa siku nyingine. Sivyo. Kalenda yao inahesabu miaka mirefu, ile ya siku 366, kwa kanuni ya kale, ile iliyokuwa pia ya kalenda ya Juliasi, kalenda ya zamani ya Warumi. Kanisa la Roma liliirekebisha ya kwake mwaka 1582, likaruka kutoka tarehe 4 Oktoba hadi 15. Waliobaki na kanuni ya zamani sasa wametofautiana nasi kwa siku 13, na baada ya Februari 2100 zitakuwa 14.

Wageni kutoka Marekani huniuliza kwa nini sichapi Kwanzaa, "sikukuu yenu Waswahili". Iliasisiwa na Maulana Karenga huko California mwaka 1966, kwa ajili ya Wamarekani Weusi, kuanzia 26 Disemba hadi 1 Januari. Maneno ni yetu, umoja, ujima, ujamaa, na nafurahi kuyaona huko. Sikukuu ni yao.

Wachungaji, tafadhali: X ya "Xmas" haimfuti Kristo. Ni herufi ya Kigiriki, ya kwanza katika jina Kristo, na Wakristo wenyewe ndio walioanza kufupisha hivyo. Asiyeipenda aandike Krismasi kwa kirefu, nafasi ipo.

Na theluji kwenye kadi. Injili haitaji theluji wala tarehe. 25 Disemba tunaikuta kwenye orodha ya Roma ya mwaka 336. Theluji ya Uganda iko juu Rwenzori, nayo inapungua. Mwaka jana nilimshawishi mama mmoja mwalimu aondoe mtu wa theluji kwenye kadi za shule, aweke matoke yanayopikwa yakiwa yamefunikwa kwa majani ya mgomba na watoto wamevaa nguo mpya. Alirudi wiki ile ile kuagiza nyingine 200.