Saa Janja Haihesabu Hatua Tu

Wengi wetu hapa Dodoma tunaamini kwamba kifaa kinachokusanya taarifa ndogo hakiwezi kumdhuru mtu, kwa kuwa saa janja huhesabu hatua tu na taa ya sebuleni hujua kuwaka na kuzimika tu. Dhana hiyo ingekuwa na uzito kama kila kifaa kingefanya kazi peke yake. Tazama nyumba moja ya mtaa wa Kisasa: taa inazimwa saa nne usiku, saa janja inarekodi usingizi, na alfajiri simu inaelekea Mtumba, kwenye ofisi za Serikali, isirudi hadi jioni. Vikikutanishwa katika akaunti moja, vipande hivyo hueleza ni lini nyumba haina mtu, jambo ambalo hakuna kifaa kilichoulizwa. Usimbaji nao, yaani kugeuza taarifa kuwa msimbo usiosomeka bila ufunguo, ambao watu huutegemea mno, humzuia mdukuzi anayezinasa taarifa njiani, lakini mara nyingi kampuni inayopokea taarifa huweza kuzisoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi. Taa inayoomba kujua mahali ulipo inastahili kuulizwa ya nini, na ruhusa hiyo huzimwa kwenye mipangilio ya simu.