Diski kuukuu kwenye adapta ya USB: anza na umeme

Diski ya zamani ikigoma kusomeka kwenye adapta, wengi huitupia diski lawama. Kagua umeme kwanza.

Diski ya laptopu, ile ya inchi 2.5, hutumia volti 5 pekee. Poti ya USB 2.0 hutoa miliampea 500, ya USB 3.0 hutoa 900, ilhali diski inapoanza kuzunguka huweza kuvuta ampea nzima. Isiposhiba utaisikia: inanguruma, inakatika, tik, inaanza upya. Mlio huo unafanana sana na wa diski ambayo vichwa vyake vya kusomea data ni vibovu, kwa hivyo usiitupe kabla ya kujaribu kebo fupi yenye vichwa viwili vya USB. Ya inchi 3.5 inataka na volti 12, ambazo poti ya kawaida ya USB haina. Lazima adapta yake iwe na chaja ya volti 12, ampea 2. Ukinunua Luthuli Avenue, Nairobi, beba diski yako, ijaribiwe pale pale kaunta.

Diski za IDE, yaani zile za kizamani zenye safu za pini nyingi, zina mambo yake. Ile kubwa ina pini 40, na kando yake jampa, kile kiplastiki kidogo cha kuunganisha pini mbili. Kwa adapta nyingi iweke kwenye MA (master, yaani diski kuu). Diski ya Western Digital ikiwa peke yake, ing'oe jampa kabisa. Michoro iko kwenye lebo ya diski. Jampa nyingine huibana diski ionekane ya GB 32 tu, hata kama ni ya 80.

Ya laptopu ndiyo ya kuogopa. Ina pini 44 zinazobeba data na umeme pamoja, halafu pini 4 za jampa zilizojitenga kwa mwanya mdogo. Hizo 4 zibaki nje. Adapta ikisogea safu moja tu, volti 5 huingia pasipo pake na bodi huungua. Mulika kwa tochi ya simu kabla ya kusukuma.

Kwa diski yenye chaja, unganisha adapta, washa umeme, ngoja sekunde 10 hivi mlio utulie, ndipo uchomeke USB.

Windows ikikuomba uifomati, kataa. Huenda ilifomatiwa kwa Mac au Linux, au ilitoka kwenye kasha lililopanga sekta (vipande vya kuhifadhia data) kwa baiti 4096 na adapta yako inazisoma kwa 512. Data bado ipo.

Ikiendelea kugonga hata kwa umeme wa kutosha, izime. Kila dakika inaweza kukwaruza zaidi sahani za ndani zinazobeba data. Ikisomeka kwa kusuasua, usianze kunakili faili moja moja. Ingia Linux, itambue kwa amri ya lsblk (hapa jina lake ni sdb), kisha uinakili yote kwa programu ya ddrescue kwenye diski yenye nafasi zaidi:

sudo ddrescue -n /dev/sdb nakala.img nakala.map

Usiifute hiyo nakala.map. Stima ikipotea katikati, rudia amri ile ile na kazi itaendelea ilipoachia.