Bombolone: andazi la Kitaliano lenye krimu tumboni

Kwa Kitaliano, bomba si bomba la maji, ni bomu. Ndiko lilikotoka jina bombolone, kwa wingi bomboloni: andazi nene la mviringo, lisilo na tundu katikati, linalokaangwa kisha kujazwa krimu. Kwao ni Toscana, mkoa wa Italia, na katika fukwe za Viareggio na Forte dei Marmi wachuuzi hulinadi wakati wa kiangazi. Lina undugu na krapfen, andazi la kujazwa la Austria, wala hilo halishangazi, kwani Habsburg-Lorraine, ukoo wa watawala wa Austria, uliitawala Toscana kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1737 hadi 1859.

Unga wa ngano hukandwa kwa hamira, maziwa, mayai, siagi, sukari na ganda la limau lililokunwa. Ukishaumuka hukatwa viduara, huachwa uumuke tena, ndipo huingia kwenye mafuta ya nyuzi 170 hivi. Andazi likitoka hugaragazwa kwenye sukari lingali moto ili chembe zigande. Litazame kiunoni: lililoumuka vizuri lina mshipi mweupe kulizunguka, kwa sababu ni jepesi na lilielea, mafuta yakaligusa chini na juu tu. Mimi huutafuta mshipi huo kwanza kabla ya kununua.

Tukija kwenye lishe, wengi huilaumu krimu, na naona wanaionea. Crema pasticcera, krimu yake ya asili, ni viini vya mayai, sukari, unga kidogo, na maziwa ndiyo mengi zaidi. Kwa uzito uleule ina kalori chache kuliko unga uliokaangwa unaoizunguka. Tatizo liko kwenye mafuta: gramu moja ina kalori 9, ilhali ya wanga au protini ina 4. Tena mafuta yasipopata moto wa kutosha, ganda huchelewa kushika na andazi huyanywa.

Andazi la krimu la gramu 85 huwa na kalori 300 hivi. Krimu ikipisha Nutella, hesabu hupanda, maana gramu 100 za Nutella zina kalori 539. Mwenye kisukari inafaa alihesabu bombolone kama sehemu ya wanga wa mlo wake, si kitafunwa cha kusindikizia kahawa baada ya kushiba.