Xenia imejaa tanki zima? Mambo tunayoambiana kuhusu matumbawe yanayosambaa ovyo, na ukweli wake

Mtu mwenye akwariamu ya maji ya chumvi anachukua kipande kidogo cha Xenia, aina ya tumbawe laini, kwa sababu kinapendeza, vile vimikono vinafumba na kufumbua siku nzima, baada ya miezi kadhaa haoni tena jiwe wala tumbawe lingine, ni Xenia tupu mpaka kwenye mdomo wa pampu. Akiuliza afanyeje anaambiwa kata, kwangua, punguza chakula, tafuta samaki wa kuila, na mengi ya hayo ndo yanaieneza zaidi. Mi naona kosa kubwa ni moja, watu wanapigana na tumbawe lenyewe wakati cha kushughulikia ni jiwe ambalo limekalia, na karibu kila dhana potofu hapa chini inaangukia hapohapo.

"Kata tu, itaisha"

Hapana jamani. Hii ndo inayoieneza kuliko zote, manake haya matumbawe kukatika ndo kuzaana kwao. Wale uyoga wa tankini, yaani matumbawe ya Discosoma na Rhodactis yenye umbo la uyoga, wakihama wanaacha kipande cha mguu nyuma na kile kipande kinakuwa uyoga mpya, ukimpasua mmoja katikati na wembe unapata wawili, na wanaozalisha kwa ajili ya kuuza wanafanya hivyo makusudi kabisa. Capnella, ile inauzwa kwa jina la mti wa Kenya, inadondosha matawi yenyewe hata bila kuguswa, tawi linabebwa na mkondo linaenda kutua nyuma ya mawe mkono usipofika, linashika. Xenia inagawanyika, tena inatembea, na mara nyingi inaacha nyama kidogo pale ilipopita. Halafu kuna Briareum, ule mkeka wa zambarau wenye vinyota vya kijani, huo hata shina la kukata hauna, ni ngozi moja inayotambaa, ikibaki kidogo tu ndani ya kitundu cha jiwe inaanza upya, sawa na kufyeka magugu juu ukaacha mizizi.

Sasa fikiria mtu anaingiza wembe, anakwangua ndani ya maji na pampu zinazunguka. Anapanda mbegu tanki zima.

Kinachofanya kazi ni hivi. Zima pampu zote. Kama jiwe linatoka, litoe zima, shughulika nalo nje kwenye ndoo yenye maji ya tanki. Kama halitoki kwa sababu limebeba mengine, chukua patasi ubandue tumbawe pamoja na ganda la jiwe chini yake, usivute nyama peke yake, na mkono wa pili ushike mpira wa kunyonya maji jirani kabisa na unapobandua ili vipande viende moja kwa moja kwenye ndoo. Mwisho wa mpira uvalishe soksi ya filta, maji utayarudisha na takataka zitabaki. Ukimaliza weka kaboni mpya ya kuchuja maji kwenye filta, ubadilishe na maji kiasi, kwa sababu matumbawe laini yanatoa kemikali zao za kujilinda na ukibandua mengi kwa mara moja yale magumu yanaweza kusinyaa kwa siku kadhaa.

Na usianzishe mpira kwa kunyonya na mdomo. Kamwe. Hapa ndo tunaingia kwenye dhana ya hatari kuliko nyingine zote.

"Chemsha jiwe, kila kitu kitakufa"

Kitakufa ndiyo, na wewe unaweza ukalazwa. Zoantidi, vile viumbe vidogo vya umbo la vitufe vinavyokaa kama mkeka juu ya jiwe, hasa aina ya Palythoa, nyingine zina palitoksini, moja ya sumu kali sana zinazojulikana baharini. Ilitengwa mara ya kwanza huko Hawaii mwaka 1971, kutoka kwa Palythoa hiyohiyo. Joto la kuchemsha haliiondoi, badala yake inapanda na mvuke na mtu anaivuta, na kila aliye ndani ya nyumba anaivuta pia, watoto, mbwa, wote. Kusugua jiwe na brashi ngumu au kulimwagia maji ya moto ni kitu kilekile, matone yanaruka hewani. Mwaka 2014 huko Anchorage, Alaska, watu waliugua kwa sababu ya zoantidi za akwariamu nyumbani, na CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, ikatoa ripoti mwaka uliofuata. Dalili zenyewe zinafanana na mafua makali ndo maana watu wanazipuuza, homa, maumivu ya misuli, kikohozi, pumzi kubana, na ladha chungu ya chuma mdomoni. Ikiingia jichoni inaweza kuharibu jicho. Ukiona dalili hizo baada ya kushika tanki nenda hospitali, na uwaambie wazi kwamba unafuga zoantidi, manake madaktari wengi hawatawaza hilo wenyewe.

Utasikia pia "zangu ni za rangi nzuri hazina sumu". Rangi haisemi chochote. Si zote zina sumu nyingi, zinatofautiana sana, ila kwa macho huwezi kujua ipi ni ipi, kwa hiyo zote zishike na glavu, vaa miwani ya kukinga macho, na kama una kidonda mkononi muachie mwingine kazi hiyo. Ushauri wa CDC kwa zoantidi unazotupa ni kuziloweka dakika 30 kwenye klorini ya kufulia iliyochanganywa muda huohuo, sehemu 1 ya klorini kwa sehemu 10 za maji. Fanyia nje kwenye hewa, na ndoo hiyo isirudi kwenye tanki.

"Isafishe maji sana, itakufa njaa"

Hii inaonekana ina akili kwa sababu ni kweli Xenia inanenepa kwenye maji yenye naitreti na fosfeti, inanyonya virutubisho moja kwa moja kutoka kwenye maji. Lakini chakula chake kikubwa kinatoka kwa mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama yake, yaani kinatoka kwenye taa. Watu wakiona vile vimikono vinafumba na kufumbua wanafikiri inakamata chakula, kumbe siyo. Kuna utafiti wa mwaka 2013 kuhusu ndugu yake, Heteroxenia fuscescens, ukaonyesha kwamba ule mpigo unakoroga maji na kuondoa oksijeni iliyojikusanya kwenye nyama, na mwani wa ndani unafanya kazi vizuri zaidi. Mi hilo nalipenda sana, mnyama anajipulizia upepo ili mwani wake ule mwanga. Sasa ukishusha naitreti na fosfeti mpaka sifuri, wa kwanza kufifia huwa ni matumbawe magumu uliyokuwa unayaokoa, na juu ya hapo unaweza kufungulia mlango dinoflajelati, ule ute wa kahawia wenye mapovu ambao ni balaa kuliko Xenia yenyewe. Punguza chakula cha kupitiliza sawa, ila sifuri hapana.

"Kuna mnyama wa kuimaliza"

Wanachanganya mambo. Kamba Lysmata wurdemanni na yule konokono asiye na gamba Berghia wanakula Aiptasia, ambayo ni anemoni wala si tumbawe. Berghia hali kingine chochote, Aiptasia zikiisha anakufa njaa. Xenia hawaigusi. Samaki kipepeo wengine wanadonoa matumbawe laini, lakini hawachagui unayoyachukia peke yake.

"Paka supagluu juu yake"

Inawezekana kwa vidogo, sehemu moja moja. Tatizo ni kingo. Tumbawe lazima lifunikwe lote pamoja na sehemu ya jiwe tupu kulizunguka, likibaki na upenyo kidogo linatokea pembeni na halafu linakua juu ya gluu yako. Uji wa hidroksidi ya kalsiamu unachoma vizuri zaidi ila pH ya kitu hicho inafika karibu 12.4, kwa hiyo pampu zizimwe, paka kidogo, subiri siku nyingine upake tena, usijaribu kumaliza ukuta mzima jioni moja.

Kuna na wale wa fenbendazoli, dawa ya minyoo ya wanyama. Ni kweli wafugaji wengi wameripoti inaua Briareum na Xenia. Wameripoti pia inaua konokono na minyoo wazuri wa mchangani, na inakaa ndani ya mawe muda mrefu, unaleta konokono wapya nao wanakufa. Mimi kwenye tanki lenye maisha mengine nisingeiweka.

"Nitaiweka peke yake kwenye jiwe la mchangani, basi"

Hii kwa kweli ni nzuri, ndo naishauri, ila neno "basi" ndo tatizo. Mchanga unachelewesha, hauzuii. Xenia ikirefuka inaegemea jiwe la jirani na kuhamia, Capnella inadondosha popote. Acha nafasi ya kutosha pande zote na kila ukisafisha kioo angalia kingo, kipande cha siku chache kinatoka na kidole chenye glavu. Briareum mimi ningeiweka kioo cha nyuma tu, isiguse jiwe lolote, ikizidi unaibandua kwa kadi ya plastiki kama zulia na inapendeza vilevile. Na msidhani wavamizi ni laini tu, Galaxea ni gumu na lina mikono ya kuchoma inayorefuka usiku hata sentimita 20, na Montipora zinazotambaa zinafunika jiwe zima na jirani yake.

"Yaliyozidi nikayaachie baharini, si ndo kwao"

Si kwao. Bahari si moja. Unomia stolonifera, jamaa wa karibu wa Xenia kutoka Bahari ya Hindi na Pasifiki, leo imefunika miamba na nyasi za bahari huko Venezuela, eneo la hifadhi ya Mochima, na biashara ya akwariamu ndo inayotajwa kuwa njia iliyopita. Mwaka 2020 ikaonekana Pearl Harbor, Hawaii, nako wanahangaika nayo. Hata kama unaishi jirani na bahari ilikotoka, tanki lako limechanganya viumbe na vimelea vya sehemu nyingi. Kwa hiyo ziada mpe mfugaji mwenzio anayejua anachopokea, isiyo na mtu iloweke kwenye klorini, iache ikauke kabisa juani, ifunge kwenye mfuko iende na taka, na yale maji ya ndoo yenye vipande yatie klorini pia kabla hujayamwaga, usiyaelekeze kwenye mtaro unaoishia baharini.