Kusikika upande mmoja si intaneti ndogo

Simu inaita, inapokelewa, mteja anakusikia vizuri, wewe husikii kitu. Kila fundi aliyewahi kufunga Asterisk, programu ya seva ya simu za intaneti, hapa Tanga anayajua maneno yanayofuata: “Intaneti yetu ndogo.” Wiki hii nimeambiwa tena, na mama mwenye ofisi ya uwakala wa forodha karibu na bandari. Alikuwa ameshalipia kifurushi kikubwa zaidi, na kimya kiko palepale. Naandika kwa sababu hizi ni fedha za watu, na zinatoka kila mwezi.

Sauti ikikosekana kabisa upande mmoja tangu sekunde ya kwanza, usiguse kifurushi. Tazama anwani.

Hesabu kwanza, niipite haraka. G.711, namna ya kawaida ya kugeuza sauti ya simu kuwa data, ni kilobiti 64 kwa sekunde. Inakatwa vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kila sekunde, kila moja na baiti 160 za sauti na baiti 40 za vichwa vya IP, UDP na RTP, yaani maelezo ya safari ya pakiti. Jumla ni kilobiti 80 kila upande. Megabiti 2 zinabeba simu zaidi ya 20 kwa pamoja. Ni ofisi ngapi za Chumbageni au Ngamiani zina watu 20 wanaoongea na simu kwa wakati mmoja?

Wajuzi kidogo hunijibu kwamba kupandisha huwa na kasi ndogo kuliko kushusha, ndiyo maana upande mmoja unakufa. Hapana, ndugu zangu. Laini ikizidiwa, sauti hukatikakatika, hurudi, huchelewa, maneno humezwa katikati. Haifi kimya kabisa huku ya pili ikitoka safi. Kukatikakatika na kimya ni maradhi mawili, na anayeyatibu kwa dawa moja anamla mteja fedha.

Kinachotokea ni hiki. SIP, itifaki ya simu za intaneti, hupanga simu, kwa kawaida kupitia porti 5060. Sauti haipiti humo. Inapita kwenye RTP, itifaki ya kubeba sauti, kwa porti nyingine kabisa, na pande mbili huambizana mahali pa kuituma ndani ya SDP, maelezo yanayobebwa na ujumbe wa SIP. Kwenye konsoli ya Asterisk andika `pjsip set logger on`, piga simu, usome:

c=IN IP4 192.168.1.10
m=audio 14562 RTP/AVP 0 8 101

Seva yako imemwambia mtoa huduma wa laini amtumie sauti 192.168.1.10. Hiyo ni anwani ya ndani ya ofisi yako, na haifikiki kutoka nje. Sauti yako inamfikia yeye kwa sababu anwani yake ni ya umma. Ya kwake haina njia ya kuja kwako. Ni sawa na kumwandikia mtu barua kutoka Pangani, halafu mahali pa anwani ya kujibiwa ukaandika “chumba cha pili kushoto”.

Sasa kwa nini imani hii haifi? Nadhani ni kwa sababu kuongeza kasi mara nyingine huonekana kumeponya. Anayekuja kupandisha kifurushi hubadilisha na rauta. Rauta ya zamani ilikuwa na SIP ALG, ile huduma ya ndani ya rauta inayojifanya kurekebisha anwani ndani ya pakiti na kuziacha nusu nusu. Rauta mpya imekuja ALG ikiwa imezimwa. Simu zinapona, sifa inakwenda kwa megabiti. Vilevile watoa huduma wengi hupuuza anwani iliyoandikwa kwenye SDP na kurudisha sauti kule ilikotoka. Kwa hiyo fundi akafunga mahali pamoja bila kuweka anwani ya umma, ikafanya kazi, akaamini usanidi wake ni sahihi.

Dawa yake iko kwenye pjsip.conf, faili la usanidi wa SIP la Asterisk, chini ya sehemu ya transport:

local_net=192.168.1.0/24
external_media_address=203.0.113.5
external_signaling_address=203.0.113.5

Weka anwani yako ya umma badala ya hiyo ya mfano. Usiiache local_net, maana bila hiyo Asterisk huona kila mtu yuko nje, na simu za mezani za humohumo ofisini nazo zitapewa anwani ya umma. Na tafadhali: transport haisomwi upya kwa `reload` ya kawaida. Watu hubadilisha, hu-reload, huona kimya, kisha hutangaza kwamba ushauri haufai. Zima Asterisk uiwashe.

Simu inayokata yenyewe sekunde ya 32 ni ndugu wa tatizo hili. Seva imetuma 200 OK (simu imepokelewa), ACK (jibu la kuthibitisha) haikurudi kwa sababu Contact, anwani ya kujibiwa ndani ya SIP, ni ya ndani, na muda wa kungoja ukaisha. External_signaling_address ndiyo inayohusika hapo. Hiyo nayo nimesikia ikiitwa bando kuisha.

Kwa ekstensheni iliyo nje, tuseme karani aliyeko Muheza mwenye programu ya simu kwenye kompyuta, weka rtp_symmetric=yes, force_rport=yes, rewrite_contact=yes na direct_media=no. Hapa nina wasiwasi ambao miongozo mingi huupita. Rtp_symmetric maana yake ni kuamini kule pakiti zilikotoka badala ya kule SDP ilikosema. Mwaka 2017, udhaifu ulioitwa RTPbleed ulionyesha kwamba mtu wa nje aliweza kurusha pakiti kwenye porti zilizo wazi akarudishiwa sauti ya wengine. Strictrtp, kinga ya Asterisk ya kukataa pakiti za sauti kutoka anwani geni, ipo na marekebisho yalifanywa, lakini bado siridhiki kuwasha rtp_symmetric kila mahali kwa mazoea. Kwa karani wa Muheza naiwasha, maana bila hiyo hasikii. Kwa mtoa huduma mwenye anwani ya umma inayojulikana, najaribu bila hiyo kwanza.

Kwa sababu hiyohiyo, usifungue porti 10000 hadi 20000 kwa dunia nzima eti ndivyo faili la mfano la rtp.conf lilivyo. Kila njia ya sauti hutumia porti mbili. Ofisi ndogo inatoshwa na 10000 hadi 10200, ukibadilisha kwenye rtp.conf na kwenye fayawoli kwa pamoja.

Kuna mahali ambapo haya yote hayasaidii. Ukiona rauta yenyewe imepewa anwani kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya NAT ya mtoa intaneti, yaani wateja wengi mnashirikiana anwani moja ya umma, na modemu za laini za simu ndivyo zilivyo mara nyingi. Porti utakazofungua hapo hazifiki nje. Omba anwani ya umma ya kudumu. Wakikataa, weka seva mahali penye anwani hiyo, uunganishe ofisi kwa WireGuard, programu ya VPN, na mtandao wa WireGuard uuingize kwenye local_net.